Kidimbwi Ambacho Hakikuwepo

Kibao kilisema kuna kidimbwi. Nilisimama mbele yake, ramani mkononi, fulana imenigandia mgongoni kwa jasho, nikatazama kilichokuwepo: bonde dogo la duara lililojaa majani makavu, na katikati yake tope lililokauka likapasukapasuka kama vigae vya mtungi. Maji hayakuwepo. Chura hakuwepo, bata hakuwepo, hata mbu wa kulaumiwa hakuwepo.

Nilikuwa nimetembea karibu saa mbili kukifuata. Hifadhi ile ya msitu ina njia tatu za miguu, kila moja na rangi yake iliyopakwa kwenye mashina ya miti. Ina mabwawa mawili makubwa, na kidimbwi kimoja kilichojificha mwisho wa njia nyekundu, ile ndefu. Mimi ni mtu wa kumaliza ramani. Ukinipa karatasi yenye vituo saba, sitapata usingizi nikijua nimeona sita. Kwa hiyo mabwawa makubwa niliyapita mbiombio, nikapiga picha mbili tatu za kuonyesha watu, nikakimbilia kituo cha saba kama anayewahi basi la mwisho.

Langoni nilirudi nimenuna. Mhifadhi wa zamu alikuwa mzee mmoja mwembamba, darubini yake ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeonaje msitu?"

"Mzuri. Ila kile kidimbwi cha ndani kimekufa. Mngekitoa tu kwenye ramani."

"Hakijafa. Kimelala."

Nikamshauri. Sijui ujasiri wa kumfundisha mtu kazi yake niliutoa wapi, lakini nilimwambia wakichimbe, maji yapate kina, kisha watie samaki ili mgeni akifika apate cha kutazama. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Samaki ndio wangekiua," akasema. "Njoo mvua zikishashika wiki tatu." Kisha akageukia familia iliyokuwa nyuma yangu, iliyokuwa inauliza choo kiko wapi.

Nilikaa na maneno yale kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Nikaanza kusoma, na nilivyozidi kusoma ndivyo aibu ilivyozidi kunipanda.

Kumbe maji yanayokauka ni ulimwengu wake kabisa. Karibu samaki wote wanahitaji maji mwaka mzima, na samaki ni mlafi: mayai ya chura, viluwiluwi, watoto wa wadudu, chochote kinachoingia kinywani kwake ni chakula. Bwawa lenye samaki wengi linaweza kupendeza macho na bado likawa kaburi kwa vyura wa aina nyingi. Kidimbwi kinachokauka kila msimu hujisafisha. Jua likikaa miezi kadhaa juu yake, mlafi hana pa kujificha, na mvua zikirudi, wa kwanza kufika wanakuta nyumba haina mwenyewe. Vyura wamelijua hilo tangu zamani sana. Wapo wanaopita bwawa kubwa lililojaa maji bila hata kusimama, wakaenda kutaga kwenye dimbwi ambalo mimi ningeliruka kwa hatua moja.

Kila kanuni ina mjanja wake, na mjanja wa hii ni samaki wadogo wa jenasi Nothobranchius, wanaoishi katika madimbwi ya msimu ya Afrika. Wakubwa hufa maji yakikauka, ila mayai yao hubaki yamezikwa kwenye tope yakisubiri mvua. Mmoja wao, Nothobranchius furzeri, alichunguzwa kwenye madimbwi ya kusini mwa Msumbiji, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: kutoka kuanguliwa hadi kuwa tayari kuzaa, siku 14. Wiki mbili. Mimi wiki mbili hazinitoshi kujibu barua.

Mvua zilipotimiza wiki ya tatu nilirudi, safari hii na binti wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 9 na maswali ya mtu wa miaka 40.

Langoni palikuwa na brashi ngumu na beseni bapa la dawa ambavyo mara ya kwanza nilivipita bila kuviona. Mzee alituonyesha namna ya kusugua soli na kukanyaga ndani ya dawa.

"Shangazi, mbona tunaosha viatu ndio twende kwenye matope?"

Swali la haki. Ni kwa sababu ya kuvu. Kuna kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura, na chura huitumia ngozi kunywa maji na, kwa kiasi kikubwa, kupumua. Wanasayansi walimtambua mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini alikuwa ameshafika mbali. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulimhusisha na kupungua kwa spishi 501 za amfibia (vyura na jamaa zao) duniani, 90 kati yao zikidhaniwa zimetoweka kabisa. Kuvu huyo huishi majini na kwenye tope bichi, na tope bichi husafiri vizuri sana kwenye soli ya kiatu. Nilimweleza mtoto kwa ufupi. Akarudi akasugua tena upande wa kisigino.

Ukitoka kwenye uwazi wa maegesho ukaingia msituni, mwili hujua kabla ya macho. Joto linashuka, upepo unakatika, sauti zinabadilika. Hata watu waliokuwa wakipiga kelele huanza kuongea kama wamo chumbani mwa mgonjwa. Kivuli ni sehemu tu ya sababu. Majani yanatoa maji yao hewani siku nzima, na maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto, kama jasho linavyofanya kwenye ngozi. Chini, majani yaliyoanguka yanaoza taratibu, na harufu ile ya udongo ulionyeshewa inatoka hasa kwa bakteria wanaoishi udongoni. Mtoto alisema inanuka kama pango. Hajawahi kuingia pangoni.

Kuhusu njia yenyewe nina neno moja tu. Mahali palipokuwa na tope, watu walikuwa wamepita pembeni ili wasichafue viatu, na waliofuata wakapita pembeni ya pembeni, mpaka ujia wa kutosha mtu mmoja umekuwa uwanja. Miche yote imekanyagwa. Mzee alikuwa ametuambia kabla hatujaondoka: mkikuta tope, piteni katikati. Tulipita katikati. Kiatu changu kimoja kilibaki humo, nikakirudia kwa mkono, na mtoto alicheka mpaka akakaa chini.

Bwawa kubwa la kwanza lilikuwa na watu wengi na mkate mwingi. Bata walikuwa wamezoea. Wakiona mkono ukiingia mfukoni wanakuja kwa mstari. Mkate unaoliwa unawashibisha bila kuwalisha, na usioliwa unazama, unaoza, unarutubisha mwani, na mwani ukifa na kuoza unakula oksijeni ya maji. Kibao kinachokataza kilikuwepo, kikubwa, na bibi mmoja alikuwa amekiegemea huku akirusha vipande. Sikusema kitu. Mtoto alinitazama akisubiri niseme kitu. Tukaondoka.

Kituo cha saba tulikisikia kabla ya kukiona. Vyura walikuwa wakiimba mchana kweupe, na tulipokaribia wakanyamaza wote kwa mpigo, kana kwamba kuna aliyezima redio. Bonde lile la vigae lilikuwa limejaa. Maji hayakuwa safi kwa maana tuliyoizoea, yalikuwa ya rangi ya chai iliyokolea, kwa sababu majani yaliyolala chini yalikuwa yakitoa rangi yake ndani ya maji, na ni chai kweli ukifikiri vizuri. Juu yake miti iliacha tundu la anga la ukubwa wa chumba. Kina, nilipopima kwa fimbo, hakikufika gotini.

Mtoto alitaka twende. Vyura walikuwa wamenyamaza, basi onyesho limekwisha. Nikamwambia tukae kwenye gogo tuhesabu hadi mia tano. Ilikuwa mbinu ya kumchosha, nakiri, maana mimi ndiye nilikuwa hoi. Alipofika mia na kitu chura wa kwanza akajaribu sauti. Alipofika mia mbili wakajibu wengine. Hakufika mia tano, kwa sababu kitu kilikuwa kimetembea juu ya majani chini ya maji.

Alikuwa tunutu wa kereng'ende. Ukimwona kereng'ende angani, mabawa manne ya kioo, huwezi kuamini kwamba sehemu kubwa ya utoto wake aliishi hivi: rangi ya tope, tumbo pana, anatambaa kama mwizi. Hupumua kwa mashavu kama ya samaki, yaliyo ndani ya sehemu ya nyuma ya utumbo, na akitaka kukimbia huyasukuma maji yatoke nyuma kwa nguvu, akachomoka kama roketi. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa mithili ya mkono, na mawindo yakipita karibu mkono huo hufyatuka na kunasa. Tulimwona akinasa kiluwiluwi. Mtoto alipiga ukelele, kisha akauliza kama tunaweza kumwona akifanya tena.

Kulikuwa na wadudu wa miguu mirefu wanaoteleza juu ya maji bila kuzama, kila mguu umekalia kishimo kidogo cha uso wa maji. Kulikuwa na viluwiluwi mamia kwa mamia, weusi, wamejazana pembeni kwenye jua. Na karibu na ukingo mtoto alinionyesha viumbe vyembamba, urefu wa ukucha, karibu vioo, vinavyoogelea chali huku miguu mingi ikipepea juu kama kope za macho. Hao ni jamaa wa mbali wa kamba, na wao ndio walionifanya nimwombe radhi mzee moyoni. Mayai yao hukaa kwenye tope kavu miaka, yakistahimili jua na vumbi. Si yote huanguliwa mvua ya kwanza. Mengine hubaki akiba, endapo mvua hiyo itakuwa ya uongo na maji yakauke mapema. Siku ile nilipokuwa nimesimama pale na hasira zangu, nikisema hapa hakuna kitu, walikuwepo, chini ya kiatu changu.

Kisha akaja kereng'ende wa rangi ya manjano iliyochuja, akawa anachovya ncha ya mkia majini, anapaa, anachovya tena. Mzee, ambaye alikuwa amepita kukagua alama za njia, alisimama nasi kidogo.

"Huyo msafiri," akasema. "Anafuata mvua."

Ninaposema msafiri, ninamaanisha kitu ambacho nilipokisoma baadaye nilikisoma mara mbili. Jina lake la kisayansi ni Pantala flavescens, ana uzito usiofika nusu gramu. Mwanabiolojia wa bahari Charles Anderson, alipokuwa akiishi Maldives, alishangaa kwa nini kila mwaka karibu na Oktoba visiwa vile, ambavyo karibu havina maji yasiyo ya chumvi ya kuzalia, vinajaa kereng'ende kwa maelfu. Mwaka 2009 alichapisha maelezo yake: wanatoka India, wanapanda upepo wa juu, wanavuka Bahari ya Hindi hadi Afrika Mashariki, na vizazi vinavyofuata vinarudi upepo ukigeuka. Mzunguko mzima unazidi kilomita 14,000, na hakuna kereng'ende mmoja anayeumaliza. Wanapokezana, mzazi hadi mtoto hadi mjukuu. Vituo vya kupokezana ni nini? Ni madimbwi kama haya. Hutaga kwenye maji ya mvua yaliyotuama, mtoto hukua haraka, aghalabu chini ya miezi miwili, akaondoka kabla mlango haujafungwa. Safari ya kuvuka bahari imeegemea maji ambayo mtu akiyakuta uani kwake huyafukia kwa kifusi.

Nikiwa bado kwenye habari ya kufukia madimbwi: mtoto aliuliza kuhusu mbu, na ndilo swali ambalo kila mtu huuliza. Mbu wapo. Niliumwa mara nne. Lakini kwenye dimbwi lenye tunutu, mende wa majini na wadudu wengine wawindaji, watoto wa mbu huliwa kwa wingi. Mbu hustarehe zaidi kwenye tairi kuukuu au ndoo iliyosahaulika, ambako hakuna wa kuwala. Binadamu walishajaribu njia yangu ya samaki. Katika karne ya 20 samaki wadogo wa Gambusia, wenyeji wa Marekani, walisambazwa dunia nzima ili wale watoto wa mbu. Walikula pia mayai ya vyura, viluwiluwi na wadudu wale wale waliokuwa wakiwala mbu, na leo wanahesabiwa miongoni mwa viumbe vamizi wabaya zaidi duniani. Ushauri wangu wa langoni ulikuwa umeshajaribiwa kabla sijazaliwa.

Sheria nazo zimeyapenda maji makubwa kuliko madogo. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Iran wenye jina hilo, ndio mkataba mkuu wa ardhioevu duniani, na kwa miongo mingi macho yalikuwa kwenye maziwa, delta na vinamasi vinavyoonekana kutoka angani. Ni mwaka 2018, kwenye mkutano wa Dubai, ndipo nchi wanachama zilipopitisha azimio mahususi kuhusu ardhioevu ndogo. Marekani ilienda upande mwingine: Mei 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria ya shirikisho ya maji safi hailindi ardhioevu isiyoungana kwa juu na maji ya kudumu. Kidimbwi kilicho peke yake msituni, kinachojazwa na mvua tu, kikaachwa nje. Mimi si mwanasheria, lakini nayatambua mawazo yale. Ni yale yangu ya siku ya kwanza: mngekitoa tu kwenye ramani.

Siku ile mtoto alichomeka kijiti pembeni mwa maji, akakikata alama kwa kucha pale maji yalipofika. Kwa wiki tano zilizofuata kila nilipompigia simu kaka yangu, yeye ndiye aliyeshika simu kwanza, kuuliza kama mvua imenyesha kule.

Haikuwa imenyesha vya kutosha. Tuliporudi, kijiti kilikuwa kimesimama kwenye nchi kavu, hatua tatu kutoka majini. Kidimbwi kilikuwa kimebaki kama karai la kufulia nguo, na ndani yake viluwiluwi wamesongamana mpaka maji yalionekana kuchemka. Tulichuchumaa. Wengine walikuwa na miguu ya nyuma. Wachache walikuwa na minne, na mkia uliosinyaa. Katika hatua hiyo kinywa kinaumbwa upya, hawali chochote, wanauyeyusha mkia wao na kuishi kwa huo.

Alikuwa amekuja na chupa ya maji ya lita moja na nusu, na sasa nilielewa kwa nini alikataa kunywa njiani.

"Tuwabebe, Shangazi. Tuwapeleke bwawa kubwa."

"Kule kuna samaki."

Akafikiri. "Basi tuwaongezee haya."

Nikamwambia lita moja na nusu ni jasho la asubuhi moja kwa jua hili. Nikamwambia pia kile nilichokuwa nimesoma, kwamba viluwiluwi wa aina nyingi huhisi maji yakipungua na kuharakisha. Hutoka mapema, wadogo kuliko ilivyopaswa, lakini hutoka. Na kwamba hatuhamishi viumbe kutoka maji haya kwenda yale, kwa sababu ya kuvu aliyesuguliwa langoni.

"Kwa hiyo tunaangalia tu?"

"Tunaangalia tu."

Hakuridhika, na sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa nimetazama pande zote kuona kama mzee yupo. Tulikaa kwenye gogo letu bila kuhesabu. Ndege mmoja mwenye miguu mirefu alishuka ng'ambo, akala alivyotaka, bila haraka, akaondoka. Mtoto alimtazama kwa chuki ya wazi.

Tulipoinuka ndipo aliponishika mkono kwa nguvu. "Usikanyage."

Ardhi ilikuwa ikitembea. Kwanza nilidhani ni panzi, kisha nikainama. Walikuwa vyura, wakubwa kuliko punje ya mahindi kidogo tu, rangi ya majani yaliyooza, wengine wakiwa bado na kishina cha mkia. Walitoka upande wa maji wakiruka kwa miruko ya vidole viwili, wakapumzika, wakaruka tena, wote wakielekea ndani ya msitu, na njia nyekundu ilikuwa katikati ya safari yao. Tulitembea kwa kuinua mguu, kutafuta mahali, kuushusha. Kipande cha njia ambacho kwa kawaida kingetuchukua dakika moja kilituchukua karibu nusu saa, na mgongo wangu hadi leo unakikumbuka.

Tulikuwa bado hatujakimaliza tuliposikia vishindo nyuma yetu. Vijana wawili walikuwa wakija mbio, nguo za mazoezi, visikizio masikioni, macho kwenye saa zao. Mtoto aliweka chupa chini, akasimama katikati ya njia, akanyoosha mikono yote miwili.

"Subirini," akawaambia. "Wanavuka."